Neno ni la Wote, Jina ni la Aliyelisajili

Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu mmoja mjini Mombasa alinijia jioni akiwa na chupa ya achari ya embe mkononi. Mama huyu alikuwa amewasomesha wanawe kwa achari hiyo, akiiuza kwanza mlangoni pake, kisha katika maduka ya mtaani, na sasa mwenye duka kubwa mjini alikuwa amemwambia kwamba yu tayari kuipokea, ila kwa sharti kwamba iwe na jina na kibandiko. "Mwalimu," akaniambia, "wewe ndiwe fundi wa maneno. Nitafutie jina."

Nikamtafutia. Nikampa "Safi Asilia". Tena nikampa na somo juu yake: kwamba vivumishi hivi viwili havichukui viambishi vya upatanisho wa kisarufi, kwa hiyo jina lingekaa sawasawa juu ya achari, juu ya kitoweo, hata juu ya maembe, bila kubadilika herufi. Mama akafurahi. Akachapisha vibandiko, akaliandikisha jina kwa msajili wa majina ya biashara, akakitundika cheti ukutani. Baada ya miaka minne hivi, mfanyabiashara mwenye mtaji mkubwa kuliko wake akatoa achari yake iitwayo vilevile, katika chupa ya umbo lile lile na kibandiko cha rangi zile zile. Wateja wakaanza kumlalamikia mama kwamba achari yake imeharibika ladha, ilhali waliyoila haikuwa yake.

Alipokwenda kwa wakili aliambiwa mambo mawili. La kwanza, cheti alichokitundika ukutani hakikuwa cheti cha alama ya biashara. La pili, hata kama angeomba kulisajili jina lile kama alama, angekuwa na kazi ngumu kukubaliwa, kwa kuwa "safi" na "asilia" ni sifa ambazo kila mwuza achari ana haki ya kuzitaja. Angeweza kwenda mahakamani kulalamika kwamba mwenzake anauza kwa kujifanya yeye, lakini hapo ingembidi athibitishe kwamba jina lile limetambulika kwa umma kuwa ni lake, kwamba wanunuzi wamehadaika, na kwamba amepata hasara. Gharama ya kesi ilizidi faida yake ya mwaka mzima. Mama akaliacha jina, na pamoja nalo akaziacha juhudi za miaka minne.

Msomaji mpendwa, kisa hiki sikisimulii ili nimlaani yule mshindani. Nakisimulia kwa sababu nina sehemu ya lawama. Nilimpa mama yule jina zuri kwa kipimo cha lugha, nisijue kwamba kipimo cha sheria ni kinyume chake kabisa. Tangu siku hiyo nimejitahidi kuisoma sheria hii kwa jicho la mwanaisimu, na niliyoyaona yanawahusu wengi wetu: wenye viwanda, wenye vibanda, na hata sisi tusiouza chochote ila tunaizungumza lugha ya Kiswahili.

Tuanze na istilahi, maana aghalabu magazeti yetu na hata redio huzichanganya. Hakimiliki ni haki ya mtunzi juu ya kazi yake, kama vile kitabu, wimbo au picha. Hataza ni haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Alama ya biashara ni kitu kingine: ni ishara, iwe neno, mchoro au vyote viwili pamoja, ambayo humwezesha mnunuzi kutofautisha bidhaa au huduma ya huyu na ya yule. Na jina la biashara, lile ambalo mama aliliandikisha, ni jina ambalo mtu hutumia kuendeshea shughuli zake. Kuliandikisha hakumpi mtu ulinzi ule anaoupata mwenye alama iliyosajiliwa. Ni wengi mno nchini ambao hawajui tofauti hii, nao hulala usingizi wa pono wakidhani nyumba imefungwa kumbe ni pazia tu lililoshushwa.

Alama za biashara nchini Kenya husimamiwa na Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, iliyoanza kutumika mwaka 1957 na ambayo imerekebishwa mara kadhaa. Ofisi inayoshughulika na usajili ni Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya, maarufu kama KIPI, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2001. Mwombaji hutakiwa kuonyesha alama yake na kutaja aina za bidhaa au huduma atakazoitumia. Ulimwenguni bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45: mavazi yamo katika daraja la 25, bia katika la 32, usafiri katika la 39, na kadhalika. Ofisi hulichunguza ombi. Likikubaliwa hutangazwa katika jarida rasmi, na umma hupewa siku 60 za kulipinga. Pasipo na pingamizi, mwombaji hupata cheti chenye nguvu kwa miaka 10, nacho chaweza kuhuishwa kila miaka 10 bila kikomo. Hapa alama ya biashara huishinda hataza na hakimiliki: hizo mbili hufa siku moja, ilhali alama yaweza kuishi maadamu yatumika na ada yalipwa.

Sasa, ni jina gani linalosajilika? Hapo ndipo mwanaisimu anapoinua masikio. Sheria yetu, kama sheria za nchi nyingi, huyapanga majina kama ngazi. Chini kabisa ni jina la kitu chenyewe. Hakuna awezaye kujitwalia neno "achari" kwa kuuza achari, wala neno "chai" kwa kuuza chai. Juu yake kidogo ni maneno yanayoeleza sifa, ubora, matumizi au mahali pa asili: safi, asilia, bora, ya Kericho. Haya nayo ni ya wote, isipokuwa pale ambapo mtu ameyatumia kwa muda mrefu hata umma ukayatambua kuwa yamhusu yeye tu. Juu zaidi ni maneno yanayodokeza pasipo kusema waziwazi. Kisha yapo maneno ya kawaida yanayotumiwa mahali yasipohusika. Bia ya Tusker, ambayo imekuwapo tangu miaka ya 1920, ina jina la ndovu dume. Na ndovu na bia vina uhusiano gani? Haupo, na kwa sababu haupo, jina lina nguvu. Kileleni pa ngazi ni neno lililobuniwa ambalo halikuwa na maana yoyote kabla ya kupewa bidhaa. George Eastman alibuni "Kodak" akalisajili mwaka 1888, neno lisilo na mzizi katika lugha yoyote.

Wanafunzi wangu wa isimu hujifunza katika mwaka wa kwanza fundisho la Ferdinand de Saussure kwamba uhusiano wa neno na maana yake ni wa nasibu. Hakuna sababu ya kimaumbile inayofanya "jiwe" liitwe jiwe. Mwuzaji huiogopa nasibu hiyo. Hutaka jina liseme kila kitu: ladha, usafi, bei nafuu na baraka za Mwenyezi Mungu. Sheria nayo humwambia: kadiri jina lako lisemavyo mengi, ndivyo lilivyo lako kwa uchache. Jina lisilosema kitu ndilo utakalolijaza wewe mwenyewe maana kwa kazi yako njema, na maana hiyo ndiyo itakayokuwa mali yako.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni neno letu "safari". Tanzania pana bia iitwayo Safari. Kenya pana kampuni ya simu iitwayo Safaricom. Na kampuni ya Apple ya Marekani tangu mwaka 2003 imeiita Safari programu yake ya kusomea kurasa za intaneti. Kila mmoja ana pahala pake, kwa kuwa mnywaji bia hadhani kwamba imetengenezwa na kampuni ya simu, na neno hilo halielezi bia wala simu. Lakini aje mtu mwenye mabasi ya kuwapeleka watalii Maasai Mara, aseme kwamba kuanzia leo neno "safari" ni lake peke yake katika biashara hiyo. Huyo atakuwa amejaribu kuzuia watu kusema wanachouza. Vivyo hivyo "pesa": M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, ni alama yenye thamani kubwa, hata haki za jina hilo zikanunuliwa na Safaricom na Vodacom kutoka kwa Vodafone mwaka 2020, ilhali Tanzania ilikuwa na Tigo Pesa na ina Halopesa. Alama ni mkusanyiko mzima. Neno "pesa" limebaki mfukoni mwa kila mtu.

Ukilielewa jambo hili, utaelewa pia kelele zilizozuka mwezi Desemba mwaka 2018, wakati ilipojulikana kwa umma kwamba kampuni ya Disney ilikuwa imesajili "Hakuna Matata" nchini Marekani. Ombi lilipelekwa mwaka 1994, mwaka ambao sinema yake ya simba ilitoka, na usajili ukakamilika mwaka 2003 kwa ajili ya mavazi. Watu zaidi ya laki moja walitia saini zao kupinga. Wapo waliosema kwamba Waswahili sasa watatozwa ada kwa kusema lugha yao. Hilo si kweli. Usajili ule hauwezi kumzuia mtu kuyasema maneno hayo, kuyaandika wala kuyaimba. Wenzetu wa Them Mushrooms waliyatia katika wimbo wao "Jambo Bwana" mwaka 1982, miaka 12 kabla ya sinema. Usajili wahusu biashara ya mavazi huko Marekani. Lakini hasira ile haikuwa ya bure. Msemo ambao kwetu ni wa kila siku ulionekana ugenini kama kitu kipya, kama kwamba umezaliwa siku ulipoingia katika sinema.

Na hili ndilo jambo ambalo nataka lisipite hivi hivi. Neno ambalo Lamu ni jina la kitu, London laweza kuonekana kama neno lililobuniwa. Mwaka 2007 Wakenya walipata habari kwamba kampuni moja ya Uingereza ilikuwa imeomba kusajili huko neno "kikoy". Kwa mkaguzi asiyejua Kiswahili, hilo lilikuwa neno geni lililo juu kabisa ya ngazi niliyoieleza. Kwa mtu wa Pwani, ni kikoi: nguo avaayo mwanamume kiunoni, na herufi moja iliyobadilishwa mwishoni haiifichi. Lau ombi lile lingekubaliwa bila kupingwa, mfanyabiashara wa Mombasa angeweza kuzuiwa kuuza vikoi Uingereza kwa kuviita vikoi. Wanaharakati wa Kenya na wenzao wa Uingereza wanaotetea biashara ya haki walipinga, na ombi likaondolewa.

Ni silaha gani inayofaa katika vita kama hivyo? Ni kamusi. Neno likiwa limeingizwa katika kamusi na kuelezwa kwamba ni jina la nguo, si rahisi mtu kudai kwamba amelibuni. Sisi wanaleksikografia tumezoea kudhaniwa kuwa watu wa kuhesabu herufi. Kumbe kila neno la ufundi, la mapishi, la ususi na la uvuvi tunaloliacha bila kuliandika ni kama kiwanja kisicho na hati. Na yako mengi ambayo hayajaandikwa, hasa katika lahaja za Pwani na katika lugha nyingine za Kenya.

Wako pia walioamua kutangulia badala ya kungoja kuporwa. Serikali ya Ethiopia mwaka 2005 iliomba kusajili nchini Marekani majina ya kahawa yake: Harar, Sidamo na Yirgacheffe. Ilikabiliwa na upinzani, tena wa hoja ile ile iliyomshinda mama wa achari, kwamba majina hayo yanaeleza tu aina na asili ya kahawa. Ethiopia haikukata tamaa, na mwaka 2007 ilifikia mapatano na kampuni ya Starbucks, nayo ikayatambua majina hayo. Nchi yetu yenye kahawa, chai, vyondo na vikoi ina mengi ya kujifunza hapo.

Yafaa nitaje pia hatari inayomngoja yule ambaye amekwisha kufaulu. Jina laweza kupotea kwa kupendwa kupita kiasi. Mkenya humtuma mtoto dukani akanunue "jiki", na mtoto akirudi na dawa ya kampuni nyingine ya kung'arisha nguo, hakuna anayemrudisha. Twasema tumepanda "nisani" hata kama gari lenyewe limetengenezwa na Toyota. Kiswahili hulimeza jina la kampuni, hulipa irabu ya mwisho, hulitia katika ngeli, na kuanzia hapo ni raia. Wanaisimu hufurahia jambo hili. Wenye majina hulikosea usingizi, na wana sababu. Mahakama huko Marekani ziliamua mwaka 1921 kwamba kwa umma "aspirin" limekuwa jina la dawa yenyewe wala si la mtengenezaji mmoja, na mwaka 1963 zikaamua vivyo hivyo juu ya "thermos", ambayo nasi tumeiita thamosi. Mwenye alama basi na achunge sarufi yake: katika matangazo jina lake lifuate nomino ya kawaida kila mara, yaani "sabuni ya fulani", lisiachwe kusimama peke yake likawa ndilo sabuni.

Kwa hiyo, mwenye biashara afanye nini? Kwanza, kabla ya kuchapisha kibandiko hata kimoja, achunguze katika daftari la KIPI kama jina analolitaka au linalofanana nalo limekwisha kuchukuliwa. Pili, achague jina lisiloeleza bidhaa yake. Tatu, aombe usajili mapema, katika madaraja yanayohusu kazi yake. Nne, alitumie, kwa kuwa alama isiyotumika kwa miaka 5 mfululizo yaweza kuondolewa kwa ombi la mtu mwingine. Tano, akumbuke kwamba sheria haivuki mpaka: cheti cha Nairobi hakimlindi Kampala wala Arusha, na anayeuza huko sharti aombe huko. Kenya imo katika Itifaki ya Madrid tangu mwaka 1998, nayo humwezesha mtu kuomba katika nchi wanachama nyingi kwa ombi moja. Mwisho, akiona bidhaa bandia asinyamaze. Ipo Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008, na mwenye cheti mkononi husikilizwa haraka kuliko mwenye malalamiko matupu.

Serikali nayo ina deni. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 40, yaitaka iunge mkono, iendeleze na ilinde haki za ubunifu za Wakenya; na katika kifungu cha 7 yasema kwamba Kiswahili ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ukiviweka vifungu hivi viwili pamoja, hukumu yake ni nyepesi: mwuza achari wa Mombasa, mshona vikapu wa Taita na mchonga vinyago wa Wamunyu wana haki ya kuelezwa sheria hii kwa lugha wanayoielewa, katika fomu, katika vijitabu na katika mikutano ya baraza. Sheria inayomlinda tu yule awezaye kumlipa wakili wa kumsomea, mwenye mali kidogo ataijua siku ambayo mali hiyo imekwisha kwenda.

Jirani yangu bado anauza achari. Alipokuja mara ya pili kutafuta jina sikumpa neno. Nilimwambia atafute mwenyewe neno lisilo na maana. Akacheka, akasema kwamba mjukuu wake, alipokuwa akianza kunena, alikuwa akiita embe kwa neno lake mwenyewe ambalo hakuna aliyelielewa nje ya nyumba ile. Tukaliandika, tukalichunguza, tukaliombea usajili, na cheti chake kipo. Sarufi ya neno hilo siwezi kuieleza, wala halimo katika kamusi yoyote niijuayo. Ndiyo maana ni lake.